Umri wa Tamthilia za Polisi

Tarehe 1 Septemba 2004 kampuni ya televisheni ya NBC ya Marekani ilianza kuonyesha tamthilia ya polisi iliyoitwa Hawaii, iliyopigwa picha katika kisiwa cha Oahu, yenye waigizaji wenye majina, magari ya kasi, bahari ya samawati na kila kitu ambacho mtu wa miji ya baridi hukitamani akiwa amejifunika blanketi. Na kabla mwezi wa Oktoba haujakwisha ilikuwa imekwisha kufutwa, sehemu saba zikiwa zimeonyeshwa na ya nane imebaki kabatini. Kisiwa hicho hicho kilikuwa kimeilea Hawaii Five-O kwa misimu 12, tangu 1968 hata 1980, na ilipofufuliwa mwaka 2010 kikailea tena kwa misimu 10. Bahari ni ile ile, minazi ni ile ile, na mkasa ni ule ule wa askari hodari na mhalifu mjanja. Basi yafaa kuuliza ni kitu gani kilichoipa moja umri wa mzee na nyingine umri wa kichanga. Na swali hili, ijapokuwa laanzia mbali katika Bahari ya Pasifiki, lina haki ya kuulizwa hapa Machakos kuliko mtu angalivyodhani, maana gavana wa kwanza wa kaunti hii, Dakta Alfred Mutua, kabla ya kushika utawala alikuwa mwanzilishi wa Cobra Squad, tamthilia ya polisi ya Kikenya ambayo nayo haikuota mvi.

Wengi hujibu upesi kwamba tamthilia hufa kwa kukosa hadithi nzuri. Jibu hilo silikubali. Hadithi za Five-O, mtu akizitazama leo pasi na mapenzi ya utotoni, nyingi ni nyepesi, na Steve McGarrett aliyechezwa na Jack Lord alikuwa mtu wa nywele zisizotikisika na upepo na maneno yasiyotikisika na shaka. Kilichomweka hai ni makao. Kikosi chake, kwa mujibu wa hadithi, hakikuwa chini ya mkuu wa polisi wa mji wala chini ya wakubwa wa Washington. Kilikuwa chini ya gavana wa Hawaii peke yake, na kila mkasa ulipofika penye uzito McGarrett alikuwa na mlango mmoja wa kubisha, na mtazamaji aliujua mlango huo. Tena watayarishaji walijenga studio kisiwani, wakafundisha mafundi wa taa na wa sauti, wakazoeana na wenye mashua na wenye mahoteli. Hata Five-O ilipokoma mwaka 1980, kampuni ya CBS iliona hasara kuviacha vifaa vile vioze, ikaileta Magnum, P.I. ivirithi, nayo ikakaa mpaka 1988. Tamthilia moja ilizaa nyingine kwa sababu nyumba ilikuwapo.

Hawaii ya 2004 haikupata nafasi ya kuijenga nyumba ya namna hiyo. Iliwekwa saa mbili ya Jumatano usiku, na kabla ya Septemba kwisha kampuni ya ABC ikaweka katika saa ile ile tamthilia yake mpya ya Lost, ambayo nayo ilipigwa picha Oahu. Kisiwa kikashindana na kisiwa, na watazamaji wakachagua kile chenye watu waliopotea kuliko kile chenye askari waliojua kila njia. Ni bahati mbaya, naam. Lakini bahati mbaya humuua upesi mgeni asiye na jamaa wa kumsitiri.

Waingereza, ambao katika mambo ya mauaji ya hadithi ni mabingwa, walilitatua jambo hili kwa werevu mkubwa. Tangu 2011 BBC imekuwa ikionyesha Death in Paradise, mikasa ya kisiwa cha kubuni kiitwacho Saint Marie, na kisiwa hicho kwa kweli ni mji mdogo wa Deshaies huko Guadeloupe, ambako ukumbi wa kanisa hugeuzwa kituo cha polisi. Mpelelezi mkuu hubadilika, mmoja akiondoka mwingine akija kutoka Uingereza na suti yake ya joto, lakini kituo hakiondoki. Na mtazamaji aliyechoshwa na mpelelezi mmoja hurudi kutazama dawati lile lile na feni ile ile.

Sasa tuje kwetu. Tukitazama tamthilia za sheria na polisi katika televisheni ya Kenya tangu siku za shirika la utangazaji la Sauti ya Kenya, twaona jambo ambalo kwanza ni kichekesho na baadaye ni ithibati: zilizoishi ni za kuchekesha, na zilizokufa ni za kununa. Vioja Mahakamani imepita miongo na miongo, ikawafanya Ondiek, Makokha na Olexander kuwa majina ya nyumbani kutoka Busia hata Lamu. Inspekta Mwala wa televisheni ya Citizen, aliyechezwa na Davis Mwabili, alikaa hewani miaka mingi, na sisi wa hapa tulikuwa na sababu ya pili ya kumpenda, kwa kuwa Mwala ni sehemu ya kaunti yetu, upande wa mashariki, na ilikuwa furaha kusikia jina la nyumbani likibeba cheo cha inspekta, hata kama inspekta mwenyewe alikuwa wa mizaha.

Kwa nini mzaha uishi na uzito ufe? Sehemu moja ya jibu ni hesabu. Mahakama ya Vioja ni chumba kimoja: kizimba, meza ya hakimu, mabenchi, na mshtakiwa mwenye ulimi. Hakuna gari la kuendeshwa kwa kasi, hakuna barabara ya kufungwa kwa kibali, hakuna bunduki ya kukodiwa wala afisa wa kusimama kando aihesabu ikirudi. Chumba hicho chaweza kutumika kesho kama kilivyotumika jana. Makao yamo ndani ya umbo lenyewe la tamthilia, na kwa hiyo haihitaji tajiri. Yahitaji ada ndogo na watu wenye vipaji, na vipaji havijapata kuadimika Kenya.

Sehemu ya pili ni ya imani, na hii nimeiona kwa karibu katika mkahawa mmoja ulio jirani na steji ya matatu hapa mjini, ambapo televisheni imetundikwa juu ya friji ya soda na wateja huitazama huku wakila chapati na maharagwe. Jioni moja palikuwa na tamthilia ya polisi, sikumbuki ya wapi, na wapelelezi wake waliruka ndani ya gari mara tu walipopigiwa simu, wakatoka kituoni kwa kishindo. Mzee mmoja akaweka kijiko chini. "Na hao mafuta wametoa wapi?" Kijana aliyeketi naye akacheka: "Mzee, hiyo ni sinema tu." Yule mzee hakucheka. "Hata sinema iwe na haya."

Hakuna mhakiki wa magazeti aliyewahi kuisema kasoro ile kwa maneno machache hivyo. Mtu wa kijijini aliyeibiwa ng'ombe, akienda kituoni kupata namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, aghalabu huambiwa kwamba gari lipo lakini tangi ni tupu, na kwamba akiwa na chochote cha mafuta upelelezi waweza kuanza leo badala ya wiki ijayo. Na aliyepigwa hujua fomu ya P3 ya kuthibitisha majeraha vizuri kuliko anavyokijua cheti chake cha kuzaliwa. Mtazamaji huyu hahitaji kuambiwa kwamba polisi wote ni wabaya, maana ana mpwa wake katika kazi hiyo hiyo na anajua mshahara wake. Anachohitaji ni kuona kwamba mtunzi anajua habari ya mafuta. Tamthilia ya mzaha huijua. Inspekta wa mizaha akiingia tu, kila mtu amekwisha kujua ataomba nini. Tamthilia nzito, kwa kuogopa ama kuwaudhi wakubwa ama kuonekana ya kishamba, huiruka habari hiyo, na hapo ndipo humpoteza yule mzee.

Cobra Squad ilikuwa ya kuruka namna hiyo, na sisemi hivyo kwa dharau. Ilikuwa na shauku ya kuonyesha kwamba Kenya nayo yaweza kuwa na kikosi maalumu chenye nidhamu, chenye silaha na akili, kinachowakabili majambazi pasi na kuomba radhi. Na mwanzilishi wake alikuwa wakati huo msemaji wa serikali, wa kwanza kushika cheo hicho, aliyeteuliwa mwaka 2004 katika utawala wa Rais Mwai Kibaki. Kwa hiyo mtu aliyekuwa mchana akiieleza serikali kwa waandishi wa habari alikuwa kwa njia nyingine akiieleza kwa mchezo wa kuigiza, na picha ya polisi iliyotoka mle ilikuwa picha ambayo serikali yoyote ingependa kuitundika ukutani. Hiyo ndiyo fadhila yake na ndiyo taksiri yake.

Kisha ikatukia jambo ambalo mtunzi wa hadithi angaliogopa kulibuni. Mwaka 2013 Dakta Mutua akawa gavana wa Machakos. Katika Hawaii ya televisheni gavana ndiye nguzo ya polisi. Katika Kenya ya Katiba ya 2010 Jedwali la Nne limeiweka huduma ya polisi mikononi mwa serikali ya taifa, na gavana hana hata koplo mmoja awezaye kumwamuru kupiga doria. Ilivyokuwa hivyo, serikali ya kaunti ikanunua magari ya Subaru yaliyokwisha tumika, ikawapa polisi ambao si wake kwa ajili ya doria, ununuzi uliozua maneno mengi mjini na katika bunge la kaunti. Mimi sitoi hukumu juu ya bei. Wapo waliolipwa kwa kazi hiyo. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba msafara ule wa magari, ulipopangwa kwa mistari na kuonyeshwa hadharani, ulikuwa na sura ya tamthilia kuliko tamthilia yenyewe, na kwamba mzee wa mkahawani alikuwa na swali lake tayari.

Utawala huo huo ulitangaza mradi wa Machawood, wa kuifanya Machakos kitovu cha filamu, na wazo hilo naliona lilikuwa la busara kuliko wakosoaji wake walivyokubali, hata kama jina lilikuwa la kuazima. Mji huu ulikuwa makao ya utawala wa Waingereza bara tangu 1889, miaka 10 kabla reli haijaizaa Nairobi. Una majengo ya mawe ya zamani, vilima vya Iveti na Mua, ziwa la bwawa la Maruba, na Bustani ya Watu iliyojengwa kando yake, na yote haya yako mwendo wa saa moja na kidogo kutoka mji mkuu, njia ikiwa wazi. Anayetaka kupiga picha kituo cha polisi cha mji mdogo hahitaji kukijenga. Lakini kitovu cha filamu hakitokani na tangazo wala na tamasha; hutokana na kazi ya mfululizo, msimu baada ya msimu, mpaka fundi wa taa anunue kiwanja hapa na mkewe afungue duka. Tamthilia ndefu ya polisi ingaliweza kuifanya kazi hiyo, kama Five-O ilivyoifanyia Honolulu. Badala yake fedha na vinywa vilielekea kwenye filamu moja moja na sherehe, na watayarishaji wakarudi Nairobi jioni.

Jaribio lililofanywa kwa uangalifu zaidi lilikuja mwaka 2021. Crime and Justice, iliyotengenezwa kwa fedha za Showmax ya Afrika Kusini na Canal+ ya Ufaransa, iliwaweka Sarah Hassan, ambaye wengi walimjua tangu Tahidi High, na Alfred Munyua kuwa wapelelezi wawili wa Nairobi, kila sehemu ikichukua mkasa mmoja uliofanana na habari za magazetini. Ilipigwa vizuri, na Munyua hasa ana uso wa mtu aliyechoka kwa haki, si kwa uigizaji. Ikapata misimu miwili. Makao yake yalikuwa Paris na Johannesburg, na walioitazama walikuwa wenye intaneti ya kulipia, ilhali watu wengi ambao maisha yao yalichotwa kufanywa mikasa hiyo walikuwa wakitazama kitu kingine bure. Mwaka 2025 Canal+ iliinunua MultiChoice, mwenye Showmax, na wale wabia wawili wakawa nyumba moja. Lakini kwa tamthilia ile mambo yalikuwa yamekwisha pita.

Wala si haki kuwalaumu watayarishaji peke yao, kwa maana uwanja wao uliingiliwa. Tangu miaka ya mwisho ya muongo wa kwanza wa karne hii, Mohammed Ali na John-Allan Namu walikuwa wakitoa Jicho Pevu katika televisheni ya KTN, uchunguzi wa kweli kwa Kiswahili kizito, wenye muziki wa kutisha na swali linaloachwa likining'inia kabla ya tangazo. Mtu akitoka hapo, mpelelezi wa kubuni alikuwa chai isiyo na sukari. Baadaye Idara ya Upelelezi wa Jinai yenyewe, katika siku za George Kinoti, ikaanza kuandika taarifa za kukamatwa kwa wahalifu katika mitandao kwa mtindo wa riwaya, na watu wakazisubiri kila jioni. Askari wakawa watunzi. Na watunzi nao wakahama: kama mwanzilishi wa Cobra Squad alivyokwenda kwenye ugavana, ndivyo Mohammed Ali alivyokwenda bungeni mwaka 2017 kwa kiti cha Nyali. Ni nadra katika nchi nyingine kuona kazi ya kusimulia uhalifu ikiwa ngazi ya utawala, lakini hapa umaarufu wa televisheni ni mtaji usiotozwa ushuru, na mwenye mtaji huo haoni kwa nini autumie kwa msimu wa tatu.

Limebaki suala la visiwa, ambalo ndilo lililotuanzisha. Pwani yetu haikukosa nafasi katika televisheni. Lulu Hassan na Rashid Abdalla, kwa kampuni yao ya Jiffy Pictures, wameijaza mijumba, mabuibui na lafudhi zake, na Sultana ya Citizen ilipendwa huku bara kama ilivyopendwa Kisauni. Lakini pwani hiyo ni ya mapenzi, mirathi, wivu na siri za uzazi. Polisi akiingia huingia mlangoni mwishoni, akamchukua mtu, akatoka. Hakuna anayemfuata mpaka kituoni kuona ameandika nini.

Hali hii yashangaza, kwa sababu mpelelezi wa kwanza mashuhuri wa Kiswahili alikuwa mtu wa kisiwani. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alishinda shindano la uandishi la Afrika Mashariki la 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichotolewa mwaka 1960, na tangu hapo Bwana Msa na kiko chake na rafiki yake Najum wakapeleleza mikasa ya Unguja katika vitabu vingine. Bwana Msa si polisi. Polisi wamo, wana adabu na buti, lakini hawaijui nasaba, na Unguja siri ya mauti hukaa katika nasaba: nani alimwoa nani, mtoto yule alilelewa na shangazi kwa sababu gani, shamba lile la mikarafuu lilitoka mkononi mwa nani. Kisiwa kilikuwa na mpelelezi wake kamili, na kikawa na televisheni ya rangi katika miaka ya mwanzo ya sabini, ilhali Tanzania Bara ilingoja mpaka 1994 kupata televisheni yoyote. Vitu hivyo viwili vilikaa mtaa mmoja pasi na kuoana.

Mtu akitaka leo kuvioanisha, asianze na Nairobi. Katika Kenya polisi hupelekwa mbali na kwao kwa desturi ya kazi, na desturi hii, ambayo watunzi huipita bila kuitazama, ni hazina. Wakamba waliandikwa kwa wingi katika jeshi na polisi tangu zama za mkoloni, kupita kadiri ya idadi yao, na mpaka leo si ajabu mtu wa Machakos kwenda likizo Lamu au Faza akasalimiwa kwa Kikamba na askari wa zamu. Huyo ndiye mtu wa tamthilia. Amefika Amu, yaani mji wa Lamu, ambako gari halina kazi na punda ndiye mwenye njia. Kiswahili chake cha kambini kinachekwa na watoto wa vibarazani. Anajua sheria na hajui nasaba, na kila anayemhoji ni jamaa wa yule anayemtafuta. Hana pa kukimbilia zaidi ya simu ya mkubwa wake, na mkubwa wake ana mafuta ya boti ya safari moja. Hapo mzee wa mkahawani hatakuwa na swali, maana limekwisha kuulizwa ndani ya hadithi. Wala mtunzi asiifiche hofu iliyopo: amri ya kutotoka nje usiku iliyowekwa Lamu mwaka 2014, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni, iliwazuia hata wavuvi kwenda baharini, na askari mgeni aliyetakiwa kuisimamia amri hiyo mbele ya mvuvi mwenye njaa ana mkasa ambao McGarrett hakuwahi kupewa.

Gharama zake si za kutisha kama watu wanavyosema. Yahitaji nyumba moja ya mawe ya kukodi kwa miaka mitatu ifanywe kituo, boti mbili, mwandishi mmoja wa Amu na mmoja wa Ukambani wasioafikiana, kituo cha televisheni cha bure, na mlipaji atakayetia sahihi fedha za msimu wa pili kabla hajaona hesabu za wa kwanza.